Kinga za masikio nilizojaribu kwenye mashine ya kusaga, hapa Pasua

Nianze na bei, maana najua ndiyo swali la kwanza. Vizibo vya povu, Sh 1,000 jozi. Hedifoni za kuzuia kelele, zile kubwa za kubana kichwa, niliambiwa Sh 35,000 nikatoka nazo kwa Sh 28,000. Vizibo vya mpira vyenye kitundu katikati nililetewa na mtoto wa dada yangu kutoka Uingereza, na zawadi haiulizwi bei. Cha nne hakina bei kabisa, nitakifikia.

Vile vitatu vya kwanza nimevijaribia sehemu moja, ndani ya kibanda cha mashine ya kusaga na kukoboa hapa Pasua, Moshi, ambako nasimama tangu 2001. Kwa hiyo kama unatafuta kitu cha kukuokoa na mkoromo wa mumeo, karibu usome, ila ujue hukumu yangu imetoka kwenye pumba na vumbi la dona, haikutoka chumbani.

Habari yenyewe ilianza Agosti 2019. Mahindi mapya yalikuwa yameshuka, foleni ya madebe ikatoka nje ya kibanda mpaka barabarani, na mashine ya jirani ilikuwa imeungua mota, hivyo wateja wake wote wakawa wangu. Tulisaga kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Nikazima mota, nikafunga kibanda, nikafika nyumbani, nikaoga, na mashine ilikuwa bado inalia. Ule mngurumo wake wa kawaida ningeuelewa. Huu ulikuwa mwembamba, iiiiiii, kama nyenje wa jioni, ila nyenje huyu hakuwa na mti wa kukaa. Alikuwa kichwani.

Nikajua ni malaria. Mtacheka, lakini sisi tuliowahi kutibiwa malaria kwa kwinini tunaujua mlio huo. Mwaka 1998 nikiwa na mimba ya binti yangu nilitundikiwa dripu ya kwinini, na masikio yalivuma hata nikawa namwona muuguzi anafungua mdomo tu. Akaniambia kwa kuniinamia sikioni, "Ni dawa hiyo mama, ikiisha na mlio utaisha." Na kweli, siku ya tatu uliisha. Ninyi vijana wa dawa mseto haya hamyajui. Basi 2019 nikawaza, mwili unakumbuka kwinini, malaria ipo njiani. Nikapima, hakuna mdudu. Nikangoja siku tatu ziishe kama mwaka ule. Zikaisha. Nyenje hakuisha, na mpaka leo ninapoandika yupo, sikio la kulia zaidi.

Kati ya hapo nilipita njia zote ambazo mtu hupita. Jirani yangu mmoja, mtu mwema sana, alinitilia mafuta ya nazi yaliyokaangiwa kitunguu saumu. Nilinuka kama sambusa wiki nzima. Baadaye daktari alinigombeza kweli: mafuta ya moto yanaweza kuunguza, na kama ngoma ya sikio ina tundu, umejitafutia makubwa. Kisha nikajaza pamba. Pamba haizuii kitu cha maana, isipokuwa inakupa moyo wa kusimama karibu zaidi na mashine. Ningeipa nyota moja kwa sababu ni laini.

Nilikwenda kupima usikivu 2022, miaka mitatu nimechelewa. Jina la hospitali silitaji, maana nilikaa benchi kutoka saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, na faili langu lilipotea mara mbili likakutwa kwenye rundo la wenye macho. Lakini yule binti aliyenipima alikuwa fundi kwelikweli. Aliniingiza kwenye kibanda kidogo kilichozibwa kuta, mlango mnene kama wa friji, akanivika hedifoni na kunipa kitufe. Nikisikia tii, nibonyeze, hata iwe ndogo vipi.

Kimya cha mle ndani sijawahi kukiona. Pasua hakuna kimya. Kuna bodaboda, kuna watoto, kuna fundi wa mageti. Mle ndani nilibaki mimi na nyenje wangu, na akapanda sauti kama aliyepewa maiki. Binti akirusha tii, mimi sijui ni yake au ni yangu. Nikawa nabonyeza tu. Baada ya dakika chache akafungua mlango, akasema kwa upole, "Mama, hapo ulipobonyeza mara tisa nilikuwa sijawasha." Tukaanza upya. Akabadilisha, akawa anatuma mlio unaokatikakatika, ambao nyenje hawezi kuuigiza.

Karatasi ikatoka na mstari. Upande wa sauti nene mstari umetulia juu. Unapokwenda kwenye sauti nyembamba unateremka, na penye 4000 (ni hezi, kipimo cha wembamba wa sauti) unaingia shimoni, halafu unajivuta kidogo kupanda. Akaniambia shimo hilo ndilo sahihi ya kelele. Akiliona huwa anauliza tu mtu anafanya kazi gani. Nikasema nasaga. Akauliza, "Ya nyundo?" Ya nyundo, ile ya vyuma vinavyozunguka na kuyapondaponda mahindi. Akatikisa kichwa.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza nilivyoelewa. Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kimejikunja kama gamba la konokono, na humo mna chembe zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi kila sikio, ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya ubongo. Kelele kubwa inazilaza kama mvua ya mawe inavyolaza ngano. Zikilala mara moja moja zinainuka, ndiyo maana ukitoka disko masikio huvuma na kesho yamepona. Zikilazwa kila siku zinakufa, na zikifa hazioti tena. Za ndege huota. Yaani kuku wangu hapo nyuma ya nyumba ananizidi. Na ubongo, ukikosa habari kutoka kwenye zile zilizokufa, unaongeza sauti yake wenyewe ukitafuta, mpaka unasikia mvumo wake. Mnazijua spika za kanisani kabla mchungaji hajapanda, mtu wa mitambo kafungua sauti yote na maiki haina mtu? Ule mvumo. Ndiyo nyenje wangu.

Dawa ya kuuondoa mlio wenyewe haipo, alisema wazi, na akanionya kuhusu yeyote atakayeniuzia. Kinachowezekana ni kulinda kilichobaki, na kuuzoesha ubongo uache kumsikiliza nyenje. Akanipa na hesabu, ambayo nimeiandika kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda: kelele ya desibeli 85, mtu anaweza kukaa nayo saa nane kwa siku. Ikiongezeka 3 tu, muda unakatwa nusu. 88 saa nne, 91 saa mbili, 94 saa moja, 97 nusu saa.

Kijana wangu wa mwisho akaweka programu ya kupimia kelele kwenye simu yake, akaisimamisha juu ya gunia, pale pale kichwa changu huwa kinakaa. Najua simu si kipimo cha serikali. Ilicheza kati ya 96 na 98. Tukaiita 97. Nusu saa, jamani. Nusu saa hata foleni ya asubuhi haijasogea, na mimi nasimama saa sita.

Sasa, kabla ya vifaa vyenyewe, kuna jambo wasiosaga hawalijui. Msagaji anasaga kwa sikio. Hopa, lile beseni la juu la kumiminia, ikikaribia kuisha mahindi, nyundo zinapiga hewa na sauti inapanda. Nikisikia hivyo najua kumimina hata kama nimegeuka nahesabu chenji. Ukimimina kwa pupa sauti inazama, mota inalalamika. Mkanda ukilegea unalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nyundo ikilegea kwenye pini ni ko-ko-ko, na hapo una sekunde chache za kuzima kabla haijakata chekecheo. Mahindi mabichi nayajua kwa sauti kabla sijaushika unga. Hivyo mtu aliponiambia niyazibe masikio, niliona ananiambia mpishi wa pilau azibe pua. Kila kinga hapa chini niliidai vitu viwili: inilinde, na iniachie mashine yangu.

Vizibo vya povu vya njano. Nimesoma kwamba vilianza kuuzwa Marekani 1972. Ndio mwaka niliozaliwa mimi. Tuna umri mmoja, na tumekutana nikiwa na miaka 50, jambo ambalo likinijia usiku linaniuma. Nilivipata kwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, kwenye kopo juu ya kaunta, pembeni ya misumari ya bati.

Mwezi wa kwanza nilivichukia. Nilivisukuma kama unavyozibia chupa, vikakaa nusu ndani nusu nje, vikawa vinateleza kila nikitafuna au kuongea, na mimi naongea. Kimoja kilidondokea kwenye hopa wakati inasaga. Nilizima, nikafungua, nikasaka mpaka kwenye mfuko wa vumbi. Sikukiona. Kama kuna mtu wa Pasua alikula ugali wenye unjano unjano Oktoba 2022, naomba radhi.

Nilirudi kwa yule binti wa kupima (safari hii sikupanga foleni, nilimvizia akitoka chai) akanionyesha. Unanawa mikono kwanza, maana ukikishika na vidole vya pumba unaingiza uchafu sikioni na fangasi watakushukuru. Unakiviringa kati ya kidole gumba na vidole viwili, polepole, mpaka kiwe chembamba kama njiti, bila mkunjo. Mkono wa pili unaupitisha juu ya kichwa, unashika sikio kwa juu, unalivuta juu na nyuma kidogo. Hapo njia inanyooka. Unakiingiza haraka kabla hakijavimba, halafu unakishikilia na ncha ya kidole hadi thelathini. Hesabu kweli, usiibe. Utasikia dunia inaondoka taratibu, kama mtu anafunga mlango wa zege. Ukisema "mmmm" na sauti yako ikavuma ndani ya fuvu kama uko pipani, kimekaa. Kipimo kingine: mashine ikiwa inalia, funika masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana kwa kufunika, ujue vizibo havijakaa. Ikibaki karibu vilevile, umefaulu.

Kuhusu nguvu yake. Pakiti imeandikwa 29, yaani desibeli ambazo kizibo kinapunguza. Msidhani ni kutoa 29 kwenye kelele yenu. Wamarekani wenyewe, kwa tahadhari, wana kanuni ya kuondoa 7, ya kurekebisha namna kelele inavyopimwa, kisha kugawa kwa mbili, kwa sababu ile 29 ni ya maabara, kwa mtu aliyevalishwa na mtaalamu. Kwa hiyo 29 inakuwa 11. Kelele yangu 97 ukiondoa 11 ni 86. Hapo saa sita zangu zinaenea, kwa chupuchupu. Shilingi elfu moja, jamani, na nimemaliza miaka ishirini na moja nikiwa na pamba na mafuta ya sambusa.

Na mashine? Wiki mbili za kwanza nilikuwa kama mtu aliyehama nyumba, kila kitu kipo lakini hakipo mahali pake. Hopa ikiisha sauti bado inapanda, ila inapanda kutoka chini zaidi. Ko-ko-ko ipo. Nilijifunza pia kuegesha kiganja kwenye fremu. Mkono unajua mambo. Kilichonitoka ni mkanda. Ule mlio wa paka ni mwembamba, uko pale pale penye shimo la karatasi yangu, na kwa vizibo siusikii kabisa. Siwezi kukisingizia kizibo peke yake, kwa sababu hata nikivitoa nausikia nusu. Mkanda siku hizi anausikia Dogo, kijana wangu wa kumimina, na akiusikia ananigusa bega.

Mabaya yake mawili. Ni vya kutupa. Nilijaribu kuvifua kwa sabuni vikawa vigumu, vikakataa kuvimba. Na usivivae nje ya kelele. Nilipoona vinanipa amani nikawa navivaa hadi nyumbani, hadi sokoni Mbuyuni, na nyenje akanenepa. Sikio likinyimwa sauti za kawaida, ubongo unazidi kutafuta. Tena zile sauti za kawaida zenyewe, vijiko, mlango, zikaanza kunichoma. Ilinichukua mwezi kurudi sawa. Navivaa mota ikiwaka, natoa mota ikizima, basi.

Hedifoni kubwa. Muuzaji aliziita "hedifoni zisizoimba" na nimeshindwa kuziita jina lingine. Ni nzuri kwa mtu asiyetaka kuingiza kitu sikioni, unavaa na kuvua kwa sekunde, mikono hata ikiwa na unga. Zangu zimeandikwa 25. Kwa kanuni ileile ni 9.

Tatizo la kwanza ni kilemba. Mwanamke anayesaga bila kufunga kichwa atamaliza siku na nywele za bibi wa miaka tisini. Nikivaa hedifoni juu ya kilemba, kitambaa kinaacha upenyo pembeni mwa sikio na kelele inaingia kama panya ghalani. Simu ya kijana haiwezi kupima ndani ya hedifoni, lakini sikio langu linaweza. Miwani nayo, ule mkono wake unafanya vilevile. Nikalazimika kuvaa hedifoni kwanza kichwani, kilemba juu yake. Mteja mmoja, mzee wa Rau, aliponiona akauliza kama nimeota pembe.

La pili ni joto. Njooni Moshi Februari, chini ya bati, mota inawaka. Jasho linajaa kwenye vikombe vile, linashuka shingoni, na mito yake ikishalowa inapasuka. Miezi minane tu mto wa kushoto ukachanika na wa akiba haupatikani dukani.

La tatu ndilo lililonigharimu. Zinazima kila kitu kwa mkupuo. Ukizivaa unakuwa mtu wa nje unayeangalia mashine dirishani. Siku ya nne hivi pini ililegea, nyundo ikaanza ko-ko-ko, mimi nacheka na mteja. Dogo alikuwa kaenda kununua umeme wa Luku. Nilipoona unga unatoka na chenga, chekecheo lilikuwa limeshatoboka. Chekecheo jipya Sh 40,000, na madebe mawili ya watu niliyarudia bure. Sikusema ni kosa la hedifoni. Pengine ningezizoea kama nilivyozoea povu. Ila sikuzipa nafasi.

Nilimpa Dogo, na hapa kuna habari ndefu zaidi ya kifaa chenyewe. Dogo ana miaka 22. Tangu aje kazini alikuwa anachomeka visikilizio vya simu na kufungulia bongo fleva. Nikamwambia Dogo, ziba masikio. "Mama, nimeshaziba na muziki." Sasa fikirini: ili muziki usikike kwenye kelele ya 97, lazima aupandishe juu ya hiyo 97. Nilichukua kisikilizio chake kimoja mota ikiwa imezimwa, nikakiweka mezani, na niliusikia wimbo mpaka maneno. Mimi. Mwenye shimo la 4000.

Nilimketisha, nikamwonyesha karatasi yangu. Haikumshtua. Kilichomshtua ni nilipomwambia kwamba miaka kumi iliyopita nilikuwa nawasikia nyenje wa kweli jioni, wale wa kwenye mwarobaini, na sasa sijui kama bado wapo au walihama, kwa sababu naskia wa kwangu tu. Alinyamaza. Kesho yake alikuja bila visikilizio. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na siku zote nilidhani inawahusu wenye viwanda. Kumbe hata mimi, mwenye kijana mmoja na mafagio mawili, ni mwajiri. Dogo hana kilemba, hana miwani, kichwa chake ni cha mviringo safi. Hedifoni zinamkaa kama alizaliwa nazo. Kwake ningezipa nyota nne.

Siku za kukoboa, mashine zote mbili zikiwaka, mimi navaa povu na hedifoni juu yake. Msijumlishe 11 na 9. Kuvaa vyote viwili kunaongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye nguvu zaidi, maana kelele nyingine inapita kwenye mifupa ya kichwa yenyewe. Lakini 5 si haba.

Vizibo vya mpira vyenye kitundu. Vimekaa kama uyoga watatu waliopandiana, mdogo mbele, na katikati kuna kijitundu chenye kichujio. Kazi yake ni kuteremsha sauti zote kwa usawa badala ya kuzifunika blanketi, hivyo maneno yanabaki maneno. Kwenye mashine ni raha ya hatari: nasikia kila kitu, mkanda peke yake ndio ninaoukosa, na najisikia kijana. Halafu unaangalia pakiti, imeandikwa 12. Toa 7, gawa kwa mbili. Mbili na nusu. Kwenye 97 ni kama kujikinga mvua kwa gazeti.

Ila sherehe! Hapa ndipo vinapokula nyota tano. Mnajua sendofu za Kilimanjaro. Ukumbi wa watu mia tatu, spika za watu elfu mbili, MC anapiga kelele kana kwamba bibi harusi yuko Tarakea na yeye yuko Moshi mjini. Zamani nilikuwa narudi na nyenje amekuwa kundi, siku tatu silali. Desemba nilikwenda sendofu ya binti wa shemeji yangu, nimekaa meza ya tatu kutoka kwenye spika, vizibo masikioni, kilemba juu, hakuna aliyejua. Nilisikia hotuba, nikasikia umbea wa meza ya jirani, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipoingia nikapiga vigelegele kama wengine. Usiku nyenje alikuwa yuleyule mmoja. Kanisani navyo hivyo hivyo, kwaya ya vijana ikisimama tu mkono unaenda kwenye pochi. Vinaoshwa kwa maji na sabuni, vimedumu mwaka wa pili. Ubaya wake ni kwamba havipo Moshi, sijaviona dukani, na kijisanduku chake ni kidogo kiasi cha kupotea kwenye mkoba wa mwanamke siku nne.

Neno la haraka kabla ya kitu cha nne. Kama sikio limezima ghafla, leo ulikuwa unasikia na leo hiihii husikii, au mlio uko upande mmoja tu na unaambatana na kizunguzungu, au unadunda pamoja na moyo, acha habari za vizibo na uende hospitali siku hiyo hiyo. Kuna yanayotibika yakiwahiwa ndani ya siku chache. Na kama uko kwenye sindano za dawa kali au unameza aspirini kwa wingi na masikio yakaanza kuvuma, mwambie daktari wako. Usikae nalo kama nilivyokaa mimi.

Cha nne. Mchana nyenje hanisumbui sana, nina watu. Shida ni saa tano usiku, taa imezimwa. Nilianza na feni, ikafaa, ila umeme unakatika na Juni Moshi hakuna anayelala na feni. Nikajaribu redio kati ya stesheni mbili, ile shhhh. Mume wangu akavumilia usiku mmoja, wa pili akauliza kama nasubiri taarifa ya habari.

Kisha nikaenda kumwuguza dada yangu Marangu. Nyumba yake iko hatua kumi kutoka kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji wa Kichagga, na maji yale yanashuka usiku kucha kupita migombani. Usiku wa kwanza nililala saa tatu nikaamka kumekucha. Nikadhani ni uchovu. Usiku wa pili nikalala tena. Asubuhi nikasimama ukingoni mwa mfongo na kikombe cha chai, na ikanichukua muda kugundua kinachokosekana. Nyenje alikuwepo nikimtafuta, lakini maji yalikuwa yamemfunika kidogo, siyo yote, kama mtu aliyejitanda kanga na uso unaonekana. Yule binti wa hospitali aliniambia baadaye ndivyo inavyotakiwa: sauti ya chini ya mlio, si ya kuumeza, ili ubongo ujifunze kuwa nyenje hana habari mpya.

Kijana wangu wa mwisho akaja siku ya kunichukua, nikamfanya akae kwenye jiwe na simu akirekodi mfongo. Dakika kumi na mbili. Alitaka kuongeza, betri ikamshinda. Naicheza usiku kwa sauti ndogo, simu juu ya kabati, ikifika mwisho inajirudia. Kasoro yake moja: dakika ya nane jogoo wa dada yangu anawika. Kijana alitaka kumkata kwa programu, nikamkataza, kwa sababu ndiye saa yangu. Nikimsikia mara tatu, ni usiku mbaya. Jana nilimsikia mara moja.